Vichaka vya vijito vya Kikopey vina wenyewe

Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Nakuru akikaribia Kikopey, pua ndiyo humwambia kwamba amefika. Moshi wa nyama choma hutanda kando ya barabara kuu, wenye mabucha huyapungia magari mikono, na wengi hushuka wakala mbavu za mbuzi kwa ugali na kachumbari kabla ya kuendelea na safari. Ni wachache wanaojua kwamba upande wa pili wa moshi huo, bondeni kuelekea Ziwa Elmenteita, kuna shughuli nyingine kubwa isiyopigiwa mtu yeyote kelele. Ni shughuli ya kujenga nyumba, kutaga mayai na kulea watoto.

Wenye shughuli hiyo ni ndege wadogo wanaoimba, na mtaa wao ni vichaka vilivyosongamana kandokando ya vijito.

Vijito vinavyoteremka kuelekea ziwa hilo, yaani Kariandusi, Mbaruk na Mereroni, si mito ya kujivunia kwa upana. Wakati wa kiangazi, mahali pengi mtoto wa miaka kumi huweza kuvuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Lakini maji hayo machache yametosha kuotesha migunga yenye magome ya manjano, matete, mikuyu na vichaka vya miiba ambavyo mtu mzima hawezi kupenya bila kuchanika nguo. Mkulima akivitazama huona ardhi iliyolala bure. Mpika makaa huona kuni. Mchungaji huona lishe ya mbuzi. Ndege huona nyumba.

Ziwa lenyewe lina sifa zilizovuka mipaka. Mwaka 2005 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima, na mwaka 2011 UNESCO ikalitangaza kuwa Urithi wa Dunia pamoja na Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria. Watalii huja na kamera ndefu kuwatazama heroe na mwari. Hakuna anayeiacha njia yake kwenda kumpiga picha kijindege cha kahawia kilichojificha ndani ya miiba. Hata hivyo, msomaji, kama umewahi kuamshwa na nyimbo za alfajiri katika sehemu hizi, si heroe waliokuamsha. Ni hawa wa vichakani.

KWA NINI KANDO YA MAJI

Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na kila aina ina namna yake ya kuchagua mahali pa kuzalia. Wale wanaopenda kingo za vijito wana sababu zao, nazo ni za busara.

Ya kwanza ni chakula. Penye maji hapakosi wadudu, na makinda hayakui kwa nafaka tu. Hata ndege ambao wao wenyewe hula mbegu, wengi wao huwalisha watoto wao viwavi, panzi na buibui, kwa sababu mwili unaokua unahitaji nyama. Mzazi anayelazimika kwenda na kurudi mara nyingi kwa siku hawezi kufuata chakula mbali.

Ya pili ni vifaa vya ujenzi. Matete na nyasi ndefu hutoa kamba, magome ya miti hutoa nyuzi, buibui hutoa gundi, na mizizi myembamba iliyofichuliwa na maji kwenye kingo hutoa godoro.

Ya tatu, na pengine ndiyo kubwa, ni usalama. Ndege wa nchi zetu za joto hutaga mayai machache. Wakati vijindege vya bustani za Uingereza vyenye rangi ya buluu na manjano hutaga mayai manane, kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, wengi wa ndege wetu wa vichakani hutaga mawili au matatu tu. Juu ya hayo, viota vingi katika nchi za joto huharibiwa kabla makinda hayajaruka. Nyoka, panya, nguchiro, tumbili, kunguru na mwewe wote hupenda mayai. Yuko hata kipanga mmoja mwenye miguu mirefu inayopindika kwa namna ya ajabu, ambaye huitia ndani ya viota vya minana na kuchomoa makinda.

Kwa hiyo ndege huyu huishi kwa kujaribu tena na tena. Kiota kikiharibiwa, hujenga kingine. Lakini majaribio hayo yana maana tu ikiwa pana mahali pa kujaribia. Kichaka kinene chenye miiba, kilichoinamia maji, ndiyo boma lake. Kikipunguzwa hadi kubaki vijiti vichache, kila adui hukiona kiota kwa urahisi, na hapo kurudia mara tatu au nne hakusaidii kitu.

KILA MMOJA NA GHOROFA YAKE

Anayekitazama kichaka kwa mbali hudhani ni fujo tupu la matawi. Akikaa kimya kwa saa moja ataona kwamba kina mpango kama jengo la mjini, na kila mpangaji ana ghorofa yake.

Chini kabisa, karibu na udongo, hukaa yule ambaye baadhi ya wataalamu wa ndege humwita kurumbiza. Kifua chake ni cha rangi ya machungwa, na juu ya jicho ana mstari mweupe kama nyusi iliyopakwa chokaa. Huimba alfajiri sana na jioni giza linapoanza kuingia, tena huweza kuiga sauti za ndege wengine hata ukadhani wako sita. Kiota chake ni kikombe kilichofichwa kwenye kingo ya kijito, katika kisiki kilichooza au kwenye shina la kichaka kinene. Nje ni takataka za majani makavu na vijiti, lakini ndani kimetandikwa mizizi myembamba na nywele za wanyama. Ukipita hatua mbili kutoka hapo hutakiona.

Jirani yake wa chini ni kijindege chenye mgongo wa kijivu na mabawa ya kijani, ambacho hulia kama mwanambuzi aliyepotelewa na mama. Huyu ni mshonaji. Huchukua majani mabichi yaliyo bado kwenye tawi, akayatoboa kingo kwa mdomo, akayavuta pamoja kwa utando wa buibui na nyuzi za mimea mpaka yakawa kama mfuko. Kwa kuwa majani hayo bado yako hai, hubaki ya kijani, na kiota hakitofautiani na kichaka chenyewe.

Ghorofa ya kati ni ya shore, yule mwenye kichwa cheusi na doa la manjano chini ya mkia, ambaye hana haya na huimba mchana kutwa. Kikombe chake hukaa penye panda ya matawi. Hapo pia ndipo pa tiva, mweusi juu na mweupe chini, anayejulikana kwa sauti kama ya kengele. Ukisikia tiva akiimba, mara nyingi unasikia ndege wawili. Dume na jike hupokezana noti kwa haraka na kwa mpango kiasi kwamba sikio hudhani ni koo moja. Katika miaka ya 1960 mtaalamu W. H. Thorpe wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliuchunguza uimbaji huu wa kupokezana na kushangazwa na jinsi wanandoa hao wanavyopata wakati sawasawa. Ajabu ni kwamba fundi huyu wa muziki si hodari katika ujenzi. Kiota chake ni kisahani chembamba cha mizizi na vijiti, na mara nyingine mtu akisimama chini yake huweza kuyaona mayai kupitia sakafu.

Mbele kidogo, kwenye kitawi chembamba kinachoning'inia juu ya maji, hujenga ndege mwekundu wa kahawia mwenye mkia mrefu kama utepe, ambaye hukamata nzi hewani. Kikombe chake ni kidogo mno, kimefumwa kwa nyuzi za magome na utando wa buibui, kisha kikapambwa nje kwa ukoga wa kijivu unaoota kwenye miti. Baba na mama hupokezana kuatamia. Ikifika zamu ya baba, mkia wake hubaki nje ukining'inia kama kamba iliyosahauliwa, kwa sababu nyumba haimtoshi.

Kisha yuko chozi, anayenyonya maua kwa mdomo wake uliopinda. Jike ndiye mjenzi. Hutundika kifuko cha nyasi na utando wa buibui kwenye ncha ya kijitawi, akaweka mlango ubavuni na juu ya mlango akajenga kibaraza kidogo cha kuzuia mvua. Mara nyingine huacha vipande vya magome na majani makavu vikining'inia chini yake, hata mpita njia akadhani ni takataka zilizonaswa na upepo.

FUNDI ANAYEJIFUNZA KWA KUKOSEA

Lakini mwenye sifa zote za ufundi ni mnana, au kwera kama wengine wanavyomwita. Jamii yake ni kubwa. Wako wanaojenga kwa makundi hata mti mmoja ukazaa viota kama maembe, na wako wanaopenda upweke, dume na jike wao peke yao.

Miongoni mwa hao wapweke yuko mmoja wa manjano mwenye mstari mweusi unaopita kwenye jicho kama miwani. Huyu hupenda sana matawi yaliyoinamia vijito. Kiota chake kina chumba cha duara na chini yake mrija mrefu wa kuingilia, uliofumwa kwa ulegevu ukaning'inia juu ya maji. Nyoka anayetaka kuingia lazima ateremke kwenye kijitawi chembamba, azunguke chumba, kisha apande kupitia mrija usio na mahali pa kushika. Akiteleza, chini ni maji.

Kazi ya mnana huanza na kitanzi kimoja. Ndege huchana ukanda mrefu wa nyasi au jani la tete, akaufunga kwenye tawi kwa mdomo na mguu, akauzungusha mpaka ukawa pete. Husimama ndani ya pete hiyo na kutoka hapo huanza kufuma mbele na nyuma, kadiri mdomo wake unavyofika. Ndiyo maana chumba humtosha barabara: amejipima kwa mwili wake. Ukanda mmoja baada ya mwingine, haba na haba hujaza kibaba.

Je, mnana huzaliwa na ujuzi huu? Wataalamu wawili wa Marekani, Nicholas Collias na mkewe Elsie, waliotumia miaka mingi kumchunguza mnana, waligundua kwamba hamu ya kufuma huzaliwa nayo, lakini ustadi huja kwa mazoezi. Dume mchanga hufuma vitu vilivyolegea na kupindana. Wale walionyimwa nyasi utotoni walipopewa baadaye hawakuweza kufuma vizuri kama wenzao waliozoea. Kwa aina zile zinazozaa kwa makundi, jike ndiye mkaguzi. Huingia ndani, huvutavuta kuta, na akiona kazi ni mbaya huenda zake. Dume hulazimika kukibomoa kiota na kuanza upya. Wazazi wanaowahimiza watoto wao warudie hesabu walizokosa wana mfano mzuri hapo juu ya mti.

MGENI ASIYEJENGA

Mvua inapokaribia, katika mabonde haya husikika sauti ya noti tatu zinazoshuka, ikirudiwa bila kuchoka, wakati mwingine hata usiku. Ni kekeo mwenye kifua chekundu. Wengi humsikia, wachache humwona, na hakuna atakayeona kiota chake, kwa sababu hana.

Kekeo huyu hungoja kurumbiza ajenge na kutaga. Kisha jike hunyemelea, akataga yai lake moja ndani ya kiota cha mwenzake na kuondoka. Yai hilo huanguliwa mapema. Kinda la kekeo, likiwa bado uchi na bila macho, husukuma kwa mgongo mayai na makinda mengine mpaka yakaanguka nje. Kurumbiza na mwenzake hubaki wakilisha kinda moja kubwa kuliko wao wenyewe, kwa wiki kadhaa, bila kujua kwamba watoto wao wamekufa chini ya kichaka.

Minana nao wana kekeo wao, mdogo mwenye rangi ya kijani inayong'aa kama shaba. Lakini minana wamejifunza kujilinda. Kwa aina fulani, kila jike hutaga mayai yenye rangi na madoa yake mwenyewe, moja la buluu tupu, jingine jeupe lenye madoa, hivi kwamba yai la mgeni hutambulika na kutupwa. Kwamba rangi hizo ni silaha kulithibitika mbali na hapa. Minana waliopelekwa katika kisiwa cha Hispaniola, huko Karibiani, na Mauritius, ambako kekeo huyu hayupo, walichunguzwa na mtaalamu David Lahti, naye akaona kwamba mayai yao yamepoteza sehemu ya utofauti huo. Adui akiondoka, ngao hupata kutu.

Usimwone kekeo kuwa shetani. Naye hula viwavi wenye manyoya ambao ndege wengi huwaogopa, na hana njia nyingine ya kuzaa. Jambo la kukumbuka ni kwamba kurumbiza ana maadui wa kutosha tayari. Anaweza kuishi na kekeo, na nyoka, na panya, kwani ameishi nao tangu zamani. Hawezi kuishi na panga.

PANGA NA MSIMU WA MVUA

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na tuseme ukweli bila kumlaumu mtu.

Katika sehemu hizi ndege wengi wa vichakani hujenga mvua inapoanza, kwani ndipo wadudu wanapojaa. Mvua ndefu huanza Machi na mvua fupi Oktoba. Lakini mkulima naye hufuata mvua hiyo hiyo. Miezi ya Januari, Februari na Machi ndipo anapofyeka, kuchoma na kulima ili mahindi na maharagwe yawahi. Kichaka cha kijitoni hufyekwa wakati ule ule ambao ndege anabeba ukanda wake wa kwanza wa nyasi. Kikifyekwa Aprili au Mei, ni mabaya zaidi, kwa kuwa mayai na makinda huteketea humo.

Mashamba ni madogo, na familia zinaongezeka. Mtu mwenye robo ekari akiambiwa aache hatua kumi za ardhi yenye rutuba kando ya maji, huona kama anaambiwa awalishe ndege kabla ya watoto wake. Fauka ya hayo, kuna soko la kuni na makaa. Leleshwa, kichaka maarufu cha nyanda hizi chenye majani ya rangi ya kijivu, hutoa makaa yanayosifiwa, na kinapopungua juu ya vilima watu hugeukia miti ya bondeni.

Hata hivyo sheria iliona mbali. Kanuni za ubora wa maji zilizotolewa mwaka 2006 chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999 zilikataza kulima au kujenga kandokando ya mto katika upana usiopungua mita 6, na unaoweza kufika mita 30, kila upande. Kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya kurumbiza. Kiliwekwa kwa sababu mizizi ya kichaka ndiyo inayoshikilia kingo. Kingo ikiachwa uchi, mvua ya kwanza hubomoa udongo na kuupeleka ziwani, na shamba lenyewe hupungua mwaka baada ya mwaka. Mkulima aliyefyeka ili aongeze mistari miwili ya mahindi hujikuta baada ya muda ameipoteza mistari hiyo na mingine zaidi.

Si kila mti unaofaa kuziba pengo. Mikaratusi ilipandwa kwa wingi kando ya mito kwa sababu hukua haraka na huuzika, lakini hunywa maji mengi, na mwaka 2009 marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza ing'olewe kandokando ya mito. Kwa ndege pia mikaratusi ni mtaa maskini. Shina ni laini, matawi yako juu, na chini yake hapaoti kichaka cha kujificha.

Yanayoweza kufuata tunayajua kutoka upande wa pili wa Bonde la Ufa. Marehemu Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004, alieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006 habari za kijito cha utotoni mwake huko Nyeri kilichobubujika karibu na mkuyu mkubwa. Aliporudi kutoka masomoni Marekani alikuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Yeye alikumbuka mayai ya vyura na viluwiluwi. Mtoto wa Kikopey wa leo atakumbuka nini?

NDEGE NA SHAMBA

Wapo watakaosema ndege ni wezi, na kwamba kichaka ni ghala la wezi. Ni kweli kwamba pasa huharibu matunda na mboga, na minana wa makundi huweza kuzuru ngano na mtama. Lakini tusiwatie wote katika gunia moja. Kwelea kwelea, yule adui mkubwa wa nafaka, huzaa kwa maelfu katika migunga ya nyika kavu, si katika vichaka hivi vya vijitoni. Kurumbiza hula mchwa, mende na viwavi. Mnana mwenye miwani huchokora magome akitafuta wadudu. Kijindege mshonaji hushinda akipekua majani kwa kazi hiyo hiyo.

Tangu viwavijeshi vamizi walipothibitishwa nchini mwaka 2017, wakulima wa mahindi wamekuwa wakihesabu hasara. Ndege pekee hawawezi kummaliza adui huyo, na asidanganywe mtu. Lakini kumfukuza mlinzi asiyelipwa kwa sababu tu hawezi kuwashika wezi wote si busara.

LA KUFANYA NYUMBANI

Hakuna haja ya kungoja mradi wala wafadhili. Kama shamba lako linapakana na kijito, acha ukanda wa kichaka usiguswe na jembe. Ukilazimika kukata kuni au kupunguza matawi, fanya hivyo wakati wa kiangazi, kabla ndege hawajaanza kujenga, na ukate upande mmoja mwaka huu na upande mwingine mwaka ujao, ili pabaki pa kukimbilia. Penye pengo, panda miti ya asili ya hapo hapo. Mbuzi wapelekwe kunywa maji mahali pamoja palipochaguliwa, si kila mahali, kwani midomo yao humaliza kichaka kilekile ambacho panga limekisamehe.

Kwa watoto, likizo ya Aprili ni shule nzuri. Wanyang'anye manati na uwape daftari. Waende na mtu mzima asubuhi, wakae mbali, hatua kumi na tano hivi, na waandike wanachoona: nani anabeba nyasi, nani anabeba kiwavi, mara ngapi kwa saa moja. Wasisogee kushika kiota. Wengi husema mzazi akinusa harufu ya mtu hukiacha. Si harufu inayomfukuza. Ni kusumbuliwa, na zaidi ya hapo, majani yaliyosukumwa na njia iliyokanyagwa humwonyesha nguchiro na kunguru pa kwenda. Mtoto mwenye nia njema huweza kuua kiota kizima kwa kutazama tu.

Anayetaka kujifunza zaidi ana pa kuanzia. Nature Kenya, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1909, ndiyo iliyokuza matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi ambayo Fleur Ng'weno aliyaanzisha jijini Nairobi mwaka 1971. Watu wengi waliojiunga nayo bila kujua tofauti ya shore na tiva walitoka wakiwa waongozaji wa watalii.

Na wewe msomaji mwenye shamba, kabla ya kunoa panga Machi ijayo, fanya jambo moja tu. Teremka kijitoni kwako saa kumi na mbili asubuhi, usimame kimya mpaka maji yakusahau, na usikilize. Sauti ya kwanza utakayoisikia kutoka ndani ya miiba ndiyo ya mwenye nyumba. Mpe nafasi amalize kulea.